Nilivyofuata Ndege Koboko Nikarudi na Kuku

Barua

Mliniona nikishuka basi la Mombasa nimebeba tenga, ndani yake kuku mmoja na vifaranga tisa, na hakuna aliyecheka mpaka nilipowapa mgongo. Mimi ni fundi saa, masikio yangu yamezoea sauti ndogo, nikasikia. Tangu siku ile kila mmoja wenu amepita dukani kwa wakati wake na saa isiyo na ubovu wowote, akaniomba niitazame, kisha akauliza kama kwa bahati tu: "Hivi kule Uganda kulitokea nini?" Nimechoka kufungua saa nzima. Nawaandikia ninyi wanne mara moja, na mkishasoma, karatasi hizi zisifike kwa Mwalimu Kombo. Sababu yake mtaiona.

Nianze pale pa ugomvi. Hapa Malindi watazamaji wa ndege tuko sita, mwenyekiti wetu Mwalimu Kombo, ambaye alistaafu kufundisha lakini hakustaafu kusahihisha. Kila ndege wa baharini tunayemwona kati ya mji na mlango wa mto Sabaki anaandikwa katika daftari lake. Miaka miwili iliyopita, asubuhi ya baada ya dhoruba, nilimkuta pale Sabaki shakwe mdogo amechoka hata kuruka hawezi. Nilimkunjua bawa nikaona pembetatu tatu: nyeusi mbele, nyeupe nyuma, ya kijivu karibu na mwili. Kitabu chetu kinasema shakwe huyo ni wa bahari za barafu, na pwani yetu hajaandikwa hata mara moja. Nikamvisha pete mguuni, ile yenye nambari na anwani ya Nairobi, akapumzika, akaenda zake.

Mwalimu Kombo aliuliza swali moja tu: "Nani mwingine amemwona?" Hakuna. Basi akaandika, "Shakwe pembetatu, kwa maneno ya Fundi," na mbele yake akatia alama ya kuuliza kubwa kama ndoana ya papa. Tangu hapo wauza samaki wananiita Pembetatu. Mnacheka, lakini mimi iliniuma. Mtu anaweza kuniambia saa niliyotengeneza haiendi, nikamrudishia pesa yake. Macho yangu nimrudishie nani?

Ndipo ikaja barua kutoka Nairobi, na ndani yake barua nyingine iliyoandikwa kwa penseli: "Mwenye ndege ya pete, salaam. Ndege yako tumekula. Pole. Kuja Koboko, chukua kuku yako. Bawa yake iko. Mimi Haboba Mastura." Mwalimu Kombo aliisoma mbele yenu wote, mkajishika mbavu. Mimi niliona maneno matatu tu: bawa yake iko. Wiki ile ile nilifunga duka.

Mombasa hadi Pakwach

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu kupita kiasi, kwa hiyo nilijipa moyo kwamba mimi si mwongo. Garimoshi lilinipeleka Nairobi, likanipeleka Tororo, halafu lingine, lililokuwa likisimama kila lilipoona mti mzuri, likanipeleka Gulu na mwisho Pakwach, ambako reli yenyewe ilikata tamaa. Nilifika nimevimba miguu.

Pakwach nilinunua kwa mama mmoja samaki wa Nile aliyekaushwa kwa moshi, mweusi kama kiatu na mtamu ajabu. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia baharini. Nafuata nini? Nikamwambia shakwe, ndege wa baharini.

"Sasa wewe naacha bahari," akasema polepole, "nakuja tafuta ndege ya bahari huku?"

Nikamwambia ndivyo. Akaniongezea samaki wa pili bure, jinsi watu wanavyowapa chakula wagonjwa.

Pakwach hadi Arua

Lori la Candia lilikuwa limebeba masanduku ya bia yenye chupa tupu. Candia, dereva wake, ni Mlugbara, mwenyeji wa Ajia karibu na Arua, mtu mrefu mpole, na alikubali kunichukua mara moja, bila hata kubishana nauli. Nilidhani ni ukarimu. Kumbe alikuwa na shida: mkwewe, mama yake mkewe, alikuwa anakwenda hospitali ya misheni Kuluva, na kwao mkwe wa kiume haketi bega kwa bega na mama mkwe, wala hazungumzi naye uso kwa uso. Alihitaji ukuta. Ukuta huo ukawa mimi.

"Mzee, wewe kaa katikati," Candia aliniambia. "Mimi siwezi kaa karibu na mama ya bibi yangu. Iko vibaya."

Basi nilikaa katikati, magoti mdomoni. Bibi yule alikuwa na macho makali kushinda dereva, lakini kwa heshima hakuweza kumsemesha. Alinisemesha mimi. "Ambia yeye shimo iko mbele." Nami namgeukia Candia: "Mama anasema kuna shimo mbele." Kufika hapo tumeshaingia shimoni, tumetoka, na chupa zote zimeimba. "Ambia yeye mbuzi." Nikaambia. Mbuzi alijiokoa mwenyewe. Maili hata maili, nikawa mkalimani wa watu wawili wanaosikilizana vizuri kabisa.

Kuluva tulikaa siku moja na nusu, maana mkwe mwema haondoki kabla ya kujua mgonjwa amepokewaje. Sikuweza kunung'unika. Bibi alitoka na dawa zake, akaniita, akanipa kifurushi cha simsim, ufuta wetu, iliyosagwa. "Ambia yeye naendesha vizuri," akasema. Candia alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Nilimwambia, akainamisha kichwa kwa furaha kama mtoto aliyesifiwa darasani.

Arua

Mjini Arua nilikaa siku tatu, petroli hakuna. Sukari pia hakuna, na sabuni ilikuwa inaulizwa kwa sauti ya chini kama habari ya msiba. Nilikuwa na miche miwili ya sabuni. Mmoja nilimpa mwenye nyumba ya wageni, na tangu saa ile mimi nikawa mtu mkubwa. Nililishwa enya, ugali wao wa muhogo na ulezi, mweusi unaonata, kwa maharage yaliyotiwa ile simsim. Nikiwa Mswahili mwenye kiburi cha wali wa nazi, nilikula siku ya kwanza kwa adabu, ya pili kwa njaa, na ya tatu niliomba.

Shida ilikuwa shughuli yangu. Sokoni kila mtu alitaka kujua natafuta nini: kahawa? tumbaku? dhahabu ya Kongo? Nilisema kweli, kwamba nafuata bawa la ndege aliyekwisha kuliwa. Wakakonyezana. Kadiri nilivyosema kweli ndivyo nilivyoonekana mjanja. Jioni ya pili mtu aliniletea kasuku wa Kongo chini ya koti. Mwingine akaleta kanga wawili. Wa tatu alileta bundi katika gunia, akampunguza bei bila kuombwa kwa sababu mwenyewe alikuwa anamwogopa.

"Kiswahili yako iko ya redio," mwenye nyumba aliniambia. "Mutu anasikia, anafikiri unaficha kitu."

Arua hadi Koboko

Siku ya nne Candia alipata petroli; sikuuliza wapi. Barabara ni ya udongo mwekundu, na kabla ya Koboko kuna kizuizi cha askari. Askari mmoja alipekua mfuko wangu, akatoa darubini, akamtazama Candia kwayo kutoka hatua mbili. "Umekuwa mubaya," akamwambia. Halafu akafungua kitabu changu cha ndege, akapekua ukurasa kwa ukurasa, akauliza nafanya nini. Kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuonekana mjanja, nilimweleza yote kwa kirefu: bahari, dhoruba, pete, bawa, Haboba Mastura. Alisikiliza kwa makini sana. Nilidhani nimepata mwanafunzi.

Tulipoondoka Candia aliangalia kioo mpaka kizuizi kikapotea. Mwisho akasema, "Mzee, ungesema unakuja kuzika mutu."

"Kwa nini?"

"Hapa mutu nasafiri juu ya maiti, hakuna anauliza. Juu ya ndege moja, mpaka hapa? Hiyo ndege lazima iko na pesa. Na hiyo Haboba yako alikula." Akanisimulia, maana njia ile anaijua, kwamba jirani wa Haboba Mastura alikutwa na magunia mawili ya chumvi, wakasema anahujumu uchumi. Alipakiwa kwenye gari kwenda Arua, na mpaka leo viatu vyake viko mlangoni, mke wake hataki kuviondoa. Nilijaribu kukumbuka kila neno nililomwambia yule askari, na yote nikayakumbuka.

Kwa Haboba

Haboba ni bibi, kwa lugha ya Wanubi, watu wa dini yetu ambao mababu zao walikuja kutoka Sudan wakiwa askari. Haboba Mastura alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mjane, amejifunga kitambaa cha manjano, na nyumba yake ilinukia ubani. Nilipojitambulisha kuwa ndiye mwenye ndege, alikaa chini kwanza. Kisha akakataa kunisikiliza mpaka nile. Nililetewa kisra, mikate yao myembamba kama kitambaa, na bamia, na juu yake kawa la rangi alilolisuka mwenyewe. Nilikula huku moyo uko kwenye bawa. Ndipo akazungumza.

"Ndege ilianguka hapa baada ya mvua. Nikaona pete. Nikasema, hii iko na mwenyewe. Kitu ya mutu huwezi kula hivi hivi. Nikaambia imamu atangaze. Ijumaa ya kwanza, ikuje mwenye ndege. Hakuna. Sokoni pia nikatangaza. Mtama ilikataa. Samaki ilikula kidogo. Ijumaa ya pili, hakuna. Halafu ikaanza kufa. Nikasema, ikikufa yenyewe iko mzoga, mwenyewe atapata hasara bure. Nikasoma Bismillahi, nikachinja."

Nikamwuliza nyama ilikuwaje. Alifikiri kwa uaminifu. "Kama samaki naoga na mafuta ya taa," akasema. "Lakini tulikula. Sasa iko deni kwangu. Nikatenga kuku moja, nikasema hii ya mwenye ndege. Mayai yake sikukula. Imeangua tisa. Zote yako. Unisamehe."

Nisikilizeni. Sisi tunawavisha ndege pete ili tujue wanakokwenda, na haijampitia hata mmoja wetu akilini kwamba kuna mtu atakayeisoma ile pete kuwa ni haki ya mwenzake. Nilimwambia nimemsamehe, na nikaona aibu hata kwa kulitamka neno hilo. Kisha nikauliza bawa.

Alilichomoa nyuma ya sigiri, jiko lake la makaa. Kwao, kama kwetu, bawa la kuku halitupwi, hupepea makaa. Na hili lilikuwa zuri, likapewa kazi. Nililikunjua juu ya magoti, nikapuliza majivu. Nyeusi mbele. Nyeupe nyuma. Ya kijivu karibu na mwili, imeingia masizi kidogo, lakini ipo. Pembetatu tatu kama zilivyo kitabuni. Akaniletea na pete, imefungwa kwenye uzi, na nambari ni ile niliyoigonga kwa mkono wangu. Nililia, wallahi. Haboba alidhani nalilia ndege, akaniletea maji.

Afande

Gari liliingia uani kabla sijamaliza kuyanywa. Aliyeshuka ni Afande, mkuu wa askari wa pale, nami nilimtazamia awe mkali. Alikuwa mchangamfu, mnene, mwenye haraka ya mtu aliyesikia habari njema. Nyuma yake alikuwa karani mwenye karatasi, na yule mwanafunzi wangu wa kizuizini.

"Wewe ndiyo mutu ya bahari," akasema. "Karibu sana. Sasa, hii ndege. Ni ya maana ao ni ya bure?"

Nikauliza kwa nini anataka kujua.

"Kama iko ya maana, ni mali ya serikali. Ilianguka kwa ardhi ya serikali. Huyu mama alikula mali ya serikali, ataenda Arua kueleza. Bawa tutapeleka juu, watafurahi. Kama ni ya bure, hakuna maneno."

"Nilitangaza msikitini," Haboba alisema.

"Ulitangaza kwa serikali?"

Haboba aliizungusha ncha ya kitambaa chake kidoleni. Candia, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitazama chini.

Miaka miwili, ndugu zangu. Miaka miwili nimeitwa Pembetatu na wauza samaki, na sasa hapa palikuwa na bawa, pete, karani, karatasi na mtu mwenye muhuri anayeniomba, ananibembeleza, niseme kwamba ndege wangu ni adimu. Sijawahi kuwa na hadhira nzuri namna ile. Na nawaambia kweli, kwa kitambo kidogo nilifikiri. Sitajisafisha. Nilifikiri labda Arua watamwuliza tu, kisha watamrudisha. Halafu nikakumbuka viatu vya jirani.

"Ni ya bure, Afande," nikasema. "Shakwe wa kawaida. Kwetu wamejaa kama kunguru."

Uso wake ulishuka. "Sasa mutu ya akili natoka bahari mpaka Koboko juu ya ndege ya bure?"

"Sikufuata ndege. Nimefuata kuku wangu." Nikamtolea barua. Karani akaisoma kwa sauti: ndege yako tumekula, kuja chukua kuku yako. Haboba, Mungu ampe maisha marefu, alielewa kabla ya karani kumaliza. Aliingia nyuma ya nyumba akatoka na kuku chini ya kwapa na vifaranga tisa wakimfuata.

Afande aliwatazama wale vifaranga. Akanitazama mimi, kanzu yangu, miguu yangu iliyovimba.

"Umepanda gari siku hizi zote," akasema, "juu ya kuku moja?"

"Na vifaranga, Afande. Haki ni haki."

"Nilisikia watu ya pwani iko choyo," akamwambia karani, "lakini hii imepita." Hapo wote walicheka, na mimi nikacheka nao. Lakini hakuwa mjinga. Aliketi kwenye kiti, akaomba chai, na macho yake yakabaki kwenye bawa. "Kama iko ya bure," akasema, "pepea moto."

Nikachuchumaa mbele ya sigiri. Makaa yalikuwa yamelala. Nikapepea kwa bawa la pekee la shakwe pembetatu lililowahi kushikwa katika nchi hizi, na kwa kuwa alikuwa akinitazama, nilipepea vizuri, karibu na moto, kama mtu asiyejali. Manyoya ya ncha yakaanza kujikunja na kunuka. Nikaendelea mpaka birika likachemka. Alikunywa vikombe viwili bila sukari, akaisifu chai.

Karani aliandika nakala tatu kwamba ndege aliyeliwa na Mastura wa Koboko alikuwa shakwe wa kawaida, asiye na maana yoyote, kwa ushahidi wa mtaalamu kutoka baharini. Ndiyo mara ya kwanza mtu kuniita mtaalamu. Afande aliichukua pete, akamrudishia Haboba kwa kuwa nayo sasa ni ya bure. Nambari tu karani aliinakili. Nikatia sahihi zote tatu. Moja yake, pamoja na nambari, Afande akaagiza itumwe kwa anwani iliyo kwenye pete, ili kule nao wasisumbue tena watu wake kwa ndege za bure.

Kurudi

Asubuhi Haboba alinipa bawa limefungwa ndani ya kitambaa. "Chukua. Iko yako. Nimeona jana macho yako." Ncha zilikuwa zimeungua, lakini pembetatu nyeupe ilibaki. Nilikaa nalo mkononi kitambo. Kizuizini alikuwa akiningoja yule mwanafunzi wangu, naye hakosi kupekua. Na mtu anayebeba bawa la bure mpaka baharini amekwisha kusema bawa si la bure. Nikamrudishia. Nikamwambia alipepelee makaa mpaka liishe, na pete aitumbukize kisimani. Kuku na vifaranga ilinibidi niwachukue wote, askari aliwahesabu. Safari nzima ya garimoshi niliwanunulia mtama, na kila aliyeniuliza nilimwambia nimetoka kudai kuku Koboko. Waliamini mara moja. Sijui hilo linasema nini juu ya uso wangu.

Sasa mnajua, na mnajua kwa nini Mwalimu asijue. Si mtu mbaya. Lakini akisikia ndege alikuwa wa kweli ataandika Nairobi, Nairobi wataandika Koboko wakiomba bawa kwa heshima na taadhima, na barua itafunguliwa na Afande.

Ile nakala ilifika kwa Mwalimu Kombo kupitia Nairobi Ijumaa iliyopita. Mlikuwapo barazani. Aliisoma yote, na muhuri wake, kisha akanigeuzia karatasi. "Fundi, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu, Mwalimu."

Ninyi mlitazama pembeni, na nawashukuru. Yeye hakufurahi, nikiri. Alionekana kama mtu aliyetaka kubishana zaidi. Alifungua daftari kwenye ukurasa ule, akatoa kalamu nyekundu na rula, akajaribu kupiga mstari ulionyooka juu ya jina la shakwe wangu. Upepo ulikuwa unaichezea karatasi. Nikasogea, nikamshikia rula.